Kaimu wa Kwenye Chipu

Siku ile mjinga alikuwa Kitojo, na tusimtafutie mwingine. Wizara ilikuwa na wajinga wa kutosha, wenye vyeo na wanaongoja vyeo, lakini kwa siku ile, kwa haki kabisa, kiti cha mbele kilikuwa chake. Mwenyewe hakatai. Ukimuuliza hukuna kisogo, akacheka, akasema kuna wanaoponzwa na tamaa na kuna wanaoponzwa na ulevi. Yeye aliponzwa na mfano. Alitoa mfano mzuri mno mbele ya watu wasiojua mfano.

Ili tusimwonee, yafaa kwanza tuieleze nchi yenyewe.

Jamhuri ya Kesheni ni nchi ya amani, na amani yake inatokana na usimamizi. Kila kitu kina msimamizi. Soko lina msimamizi, na mizani ya soko ina msimamizi wake. Bomba la maji la mtaani lina msimamizi hata lisipotoa maji, kwa sababu ukavu nao unahitaji kusimamiwa. Wasimamizi wana wasimamizi wao, na ngazi hiyo hupanda mpaka kwa Rais, ambaye husimamiwa na Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana kila robo mwaka Ikulu hutuma taarifa mbinguni kwa kuichoma moto. Mpaka leo haijarudi hata moja ikiwa na maoni, na ukimya huo Ikulu imeutafsiri kuwa ni kuridhika.

Nchi hiyo ina sheria nyingine ambayo wageni huistaajabia: amuondoaye mtu kazini ndiye atakayekaimu nafasi yake mpaka apatikane mwingine. Waliitunga watu wenye busara ili pasiwe na kiti kitupu hata kwa dakika moja, na matunda yake yameonekana. Tangu uhuru hajafukuzwa mtu. Mkurugenzi akimkuta mlinzi amelala getini, humvutia shuka limfike mabegani akaenda zake kwa kunyata, maana akimwondoa, lindo la leo ni lake. Sheria isiyotumika husahaulika. Kitojo aliisoma shuleni, akaijibu vizuri kwenye mtihani, akaiacha hukohuko chumba cha mtihani pamoja na kalamu.

Alikuwa fundi wa kompyuta wa Wizara ya Uangalizi. Fundi hodari, hilo hatumnyimi, ila alikuwa na mdomo mrefu kuliko bisibisi zake zote.

*

Mambo yalianza Waziri aliporudi kutoka ng'ambo. Waziri mwenyewe ni Mheshimiwa Profesa Fumbwe. Uprofesa wake ni wa nini hajawahi kuulizwa, kwa kuwa msimamizi wa maswali bado hajateuliwa. Alikuwa amekwenda semina ya kujifunza namna ya kuandaa semina, na huko, wakati wa chai, mgeni mmoja alimnong'oneza jambo. Kwamba ndani ya hizi kompyuta, chini kabisa, chini ya programu zote unazoziona, kiwanda kimeweka programu nyingine yenye ubongo wake. Maadamu umeme upo, iko macho, hata mashine ukiizima. Inaweza kuona unachofanya, inaweza kupeleka habari kwenye mtandao, na kwenye kioo hutaona dalili yoyote.

Mheshimiwa alifurahi sana. Mtumishi asiyelala, asiyeomba likizo, asiyedai posho! Aliwaza kumpa nishani. Furaha hiyo alikaa nayo mpaka ndani ya ndege, juu ya mawingu, alipokumbuka ghafla yeye huitumia kompyuta yake kwa kazi gani. Abiria wa viti vya jirani walisema aliomba maji akayamwaga kichwani.

Aliposhuka aliitisha kikao cha dharura. Kikao kilikaa, ajenda ikasomwa, ajenda ikasimamiwa, kisha Kitojo akaitwa aeleze.

Hapo ndipo ujinga ulipomjia ukiwa umevaa vizuri. Angeweza kusema ni maandishi tu yaliyo ndani ya chipu, akaishia hapo. Lakini aliwaona wakubwa wote wamemkodolea macho, na fundi naye ni binadamu.

"Waheshimiwa," alisema, "chukulieni kuna bwana mdogo anakaa humu ndani. Halali. Anaona kila kitu. Hasemi. Mkifunga ofisi mkaenda kwenu, yeye yumo, yuko macho."

Kisha Katibu Mkuu, Bi Ruzuna, mwanamke aliyezijua kanuni za utumishi kama wengine wanavyojua majina ya watoto wao, alivua miwani akauliza bwana mdogo huyo aliajiriwa na nani.

Kitojo alicheka kidogo, akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka. Bi Ruzuna aliendelea: kama halali, basi ana malimbikizo ya likizo. Kama anaona kila kitu, ameapishwa lini kutunza siri? Na kama yuko chini kabisa, mkuu wake wa idara ni nani? Kitojo alijitetea kwamba ule ulikuwa mfano, kwamba mle hamna mtu, mna maandishi tu. Bi Ruzuna alimtazama kwa huruma, akamwambia kwamba hata yeye Kitojo, kwa wizara, ni maandishi ndani ya faili, na haki zake anapata.

Kikao kilipitisha kwamba mtumishi huyo yupo, ni mwadilifu, na astaafishwe kwa heshima. Mheshimiwa Fumbwe, akijipangusa jasho, aliuliza kama kuna mtu awezaye kumtoa.

Kitojo alinyoosha mkono kabla swali halijafika chini. Alisema ni kazi ya mchana mmoja. Hata wasiwe na wasiwasi. Atamtoa yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii.

Watu wazima waliokuwa mezani walitazamana. Mkurugenzi wa Utawala alimkanyaga mguu. Kitojo alidhani ni bahati mbaya, akaomba radhi.

*

Katika Kesheni mtumishi haondoki kama mwizi, huagwa. Ukumbi wa wizara ulipambwa. Bendi ya polisi ilikuja na matarumbeta, keki ililetwa, na juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe iliwekwa kompyuta mpakato ya Waziri, imefungwa utepe. Zawadi zilikuwa saa ya ukutani na blanketi. Blanketi lilichaguliwa na kamati maalumu, kwa hoja kwamba mtu ambaye hajawahi kulala lazima sasa atapenda kujaribu.

Mheshimiwa alihutubia kwa kirefu. Alisema historia ya mtumishi huyu ni historia ya taifa letu: ameanzia chini, na huko huko chini amebakia. Alisema wengi hufanya kazi wakitaka waonekane, lakini yeye alifanya kazi asionekane, na hakuna aliyejua kama anaifanya, na huo ndio upeo wa utumishi wa umma. Watu walipiga makofi. Mhasibu mmoja alilia, akaeleza baadaye kwamba hotuba ilimkumbusha yeye mwenyewe.

Kisha Kitojo aliitwa mbele. Alifungua skrubu za chini, akainua mfuniko, akawaonyesha chipu yenyewe: kitu cheusi kama punje ya choroko, kina miguu midogo minane. Ukumbi ulisimama ili kumwona vizuri. Wengine walivua kofia. Kitojo alitoa betri, akaibana ile chipu kwa kibanio chenye nyaya zilizokwenda kwenye kompyuta yake ya ufundi, akaanza kunakili yaliyomo. Hapa hakufanya mzaha hata kidogo, maana anayeandika upya chipu bila kuweka nakala ya zamani, akikosea, mashine inabaki ya kufunikia mtungi. Alinakili mara mbili, akalinganisha. Nakala hazikufanana. Alikagua kibanio, akagundua tatizo ni ngoma kubwa ya bendi iliyokuwa ikiitikisa meza. Aliomba bendi inyamaze. Mwenye ngoma alikataa mpaka msimamizi wake atafutwe.

Alipopata nakala mbili zinazofanana, alieleza jambo la mwisho. Bwana mdogo hafutwi mzima. Ukimfuta mzima mashine huona kuna kasoro, na baada ya nusu saa hujizima. Kwa hiyo huachiwa kipande kidogo tu cha kufungua mlango mashine inapowashwa. Akishaufungua, kazi yake imekwisha, hasikii wala haoni.

Bi Ruzuna alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamweleza aliyekaa jirani kwamba hicho ndicho kiinua mgongo.

Kitojo aliandika yale mapya kwenye chipu, akahakiki, akatoa kibanio, akarudisha betri, akawasha. Kioo kilimulika. Mashine ilikuwa nzima, nyepesi, haina jicho la mtu ndani. Bendi ilipiga kwa nguvu zote za kunyamazishwa. Kitojo aliinua mikono juu kama mfungaji wa bao la ushindi, na akasema maneno ambayo hata leo akiyakumbuka huuma ulimi:

"Mimi ndiye niliyemtoa!"

Makofi yakakoma kama yaliyokatwa kwa shoka. Watu walianza kukusanya mikoba yao taratibu, wakitazama chini, kama watu walio msibani. Na kutoka mlango wa pembeni wahudumu waliingia wamebeba kiti.

*

Aliikumbuka ile sheria alipokuwa ameshakalishwa.

Alibishana, hatusemi hakubishana. Alisema alichokitoa si mtu. Bi Ruzuna alimkumbusha kwa upole kwamba amekula keki ya kumuaga. Alisema yeye ni fundi, hana ujuzi wa usimamizi. Aliambiwa hilo halijawahi kumzuia mtu nchini Kesheni. Basi akaapishwa, akavishwa kitambulisho: Kaimu Msimamizi wa Ndani. Masharti ya kazi yalikuwa yale yale ya aliyemtangulia. Asilale. Aone kila kitu. Asiseme. Mashine ikizimwa asitoke, kwa kuwa yule wa kwanza hakuwahi kutoka. Na kwa vile yule alikaa chini ya kila kitu, siku ya kwanza Kitojo alikaa chini ya meza ya Waziri, mpaka Mheshimiwa alipolalamika kwamba hana pa kuweka miguu. Ndipo kiti kikahamishiwa nyuma ya bega lake.

Na kutoka nyuma ya bega, Kitojo aliona.

Aliona kwamba Mheshimiwa, Mlezi wa Chama cha Bao cha Taifa, mtu ambaye picha yake akiwa ameshika kete imebandikwa kila shule, hushinda asubuhi nzima akicheza bao na kompyuta. Aliona kwamba hushindwa. Aliona pia kwamba amechagua ngazi iliyoandikwa "Mtoto". Alasiri Mheshimiwa aliandika barua. Zilikuwa barua za pongezi kutoka kwa wazee wa wilaya za mbali, wakimshukuru Waziri Fumbwe kwa kuwepo kwake. Alizitunga mwenyewe, akimpa kila mzee mtindo wake, na mzee wa Wilaya ya Kusini alikuwa na makosa ya sarufi ya makusudi ili apendeze. Kisha zililetwa kwake kutoka masjala kama zilizotumwa, naye alizisoma mbele ya watumishi huku machozi yakimlenga.

Kitojo hakusema kitu. Alikuwa ameapa. Ila siku moja kwenye bao, Mheshimiwa alipokuwa karibu kuivunja nyumba yake mwenyewe kwa pupa, kikohozi kilimtoka Kitojo bila kukusudia. Mheshimiwa alirudisha mkono. Alitazama shimo jingine. Kikohozi hakikurudi. Akacheza shimo hilo, akala kete mpaka kompyuta ikakubali kushindwa.

Hakugeuka nyuma. Aliutazama ule ushindi, mtu mzima, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hewa ya ofisi ni kavu, na kaimu aletewe maji ya moto yenye tangawizi ili kikohozi kisimwishie.

Tangu hapo mambo yalikuwa mazuri kwa kila mtu isipokuwa Kitojo. Mheshimiwa alipanda ngazi ya "Kijana", akapanda ya "Mtu Mzima". Kitojo alijifunza kulala macho wazi, ujuzi ambao pale wizarani walimu wake walikuwa wengi. Mkewe, Shemsa, alileta chakula getini, kikapokelewa na msimamizi wa sufuria, naye hakuruhusiwa kuingia. Kwa simu alimwambia mumewe kwamba kitanda kimekuwa uwanja wa ndege, na kwamba mtoto wao ameanza kumwita baba fundi wa friji aliyepita kwa jirani.

Kisha habari mbaya ilikuja ikiwa imevaa pongezi. Mheshimiwa alitangaza kwamba kaimu atathibitishwa kazini Ijumaa. Wenzake walikuja kumpa mkono. Kitojo aliwapa mkono uliopoa, maana alijua wanachojua wote: kaimu ana tumaini la kurudi alikotoka, lakini Kesheni mtu akishathibitishwa, kumtoa ni kukaa mahali pake, na nani angekubali kukaa pale? Angezeekea nyuma ya bega lile, akikohoa.

Alimpigia Shemsa simu, akamweleza kuhusu Ijumaa. Ya bao hakueleza, kiapo ni kiapo. Shemsa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza tu kama Waziri huwepo asubuhi.

*

Msomaji mwenye roho nyepesi tumtoe wasiwasi mapema: Alhamisi hiyo Kitojo alikula wali kwake, ukiwa wa moto. Na kwa kuwa amuondoaye mtu ndiye kaimu wake, Mheshimiwa Fumbwe, kwa kumwondoa Kitojo, amekuwa Kaimu Msimamizi wa kompyuta ya Mheshimiwa Fumbwe. Anajisimamia mwenyewe. Taarifa zake za kila wiki zinaeleza kwamba ameangalia kwa makini na hajaona kasoro, na nchi za jirani zimeshatuma wajumbe waje kuuiga mfumo huo. Kilichobaki ni kueleza yalivyotokea.

Shemsa ni msusi. Kibanda chake kiko nyuma ya benki, na hapo husukwa vichwa vyote vya maana vya mji ule, cha mke wa Waziri kikiwemo. Alipofika wizarani walinzi walimzuia, kisha mmoja wao, mwanamke, alikumbuka kwamba nywele zake nusu zimesukwa na nusu bado, na kwamba ameahidiwa kumaliziwa jioni. Mlango ulifunguka.

Aliingia ofisini bila kishindo. Mheshimiwa alikuwa mezani, mchezo wa bao uko wazi kwenye kioo, Kitojo nyuma yake na kikombe cha tangawizi, na Bi Ruzuna kando ameshika hati ya uthibitisho. Mheshimiwa alijaribu kuufunika ule mchezo kwa kiganja.

"Shikamoo Mheshimiwa. Shikamoo mama," alisema Shemsa. "Nimemfuata mume wangu."

Bi Ruzuna alimwitikia marahaba, kisha akaanza kwa sauti ya mama mkwe. "Mwanangu, tuelewane. Huyu si mume wako sasa hivi. Huyu ni mali ya dola."

"Mali ya dola huandikwa namba kwa rangi nyeupe, mama. Huyu nimemkagua mwenyewe kila mahali, hana."

Kitojo alikohoa. Mheshimiwa, kwa mazoea, alirudisha mkono kutoka kwenye kipanya.

Bi Ruzuna hakutetereka. Alieleza kanuni moja baada ya nyingine, akaeleza heshima ya cheo, akaeleza kwamba kuanzia kesho yeye Shemsa ataitwa mke wa Msimamizi, na kwenye foleni ya bomba atatangulia. Shemsa alijibu kwamba bomba lenyewe halitoi maji, na kwamba yeye kitandani amezoea mtu anayekoroma, cheo hakikoromi.

Ndipo Mheshimiwa mwenyewe akasimama. Alirekebisha koti, akavuta sauti ile ya majukwaani. Alisema taifa linajengwa kwa kujinyima. Alisema yeye pia ana mke, na mkewe hajui afanyalo ofisini kutwa nzima, na ndoa yao imedumu. Shemsa alitikisa kichwa polepole, akasema hilo ni kweli kabisa, shoga yake huyo humwambia hivyohivyo kila anapokuja kusukwa: hajui, na anatamani mno kujua.

Mheshimiwa alimnyooshea kidole Kitojo, kisha akakishusha kidole kile kwenye kompyuta.

"Mama, nisikilize. Yule aliyekuwa humu kabla ya mumeo alikaa miaka yote hiyo. Aliona anayoyaona mumeo, yote, hata zaidi. Hakulalamika, hakuomba kurudi nyumbani, na hakuna neno hata moja lililowahi kutoka nje ya chumba hiki. Kwa nini huyu wako ashindwe?"

Shemsa alikitazama kioo, akayatazama mashimo na kete zake, akamtazama mumewe aliyekuwa amekaza macho kwenye dari. Kisha akamrudia Waziri, kwa adabu zote.

"Yule hakuwa na mke, Mheshimiwa."